Milimita 500 kila upande, na bado si duara: kisa cha meza yenye sahani ya kuzunguka

Meza ilikuwa ya duara, kipenyo milimita 1,200, uso wa mbao ngumu zilizounganishwa kwa gundi, unene milimita 28. Katikati ya uso lilitakiwa tundu la milimita 500, na ndani yake sahani ya mbao ileile, iliyo sawa na uso wa meza, inayozunguka juu ya beringi bapa ili vyombo vimfikie kila aliyeketi. Mwanya kati ya sahani na tundu tulikubaliana uwe milimita 1.5, kwa hiyo sahani ilipaswa kuwa na kipenyo cha 497.

Fremu niliifanya mimi. Tundu na sahani nilimwachia mwanagenzi wangu, ambaye alikwisha kukata maduara mengi kwa ruta (mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka) na mkono wa plaiwudi unaoifunga ruta kwenye pini iliyopigwa kitovuni. Jioni akaniita: "Fundi, imeingia." Kweli sahani ilikuwa imeingia, na mwanya ulikuwa milimita moja na nusu pande zote. Nilifurahi. Kisha nikaizungusha nusu mzunguko. Upande mmoja mwanya ukabana ukabaki nusu milimita, upande wa pili ukafunguka hadi mbili na nusu. Nilipopitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu nikakuta vidato viwili, kimoja huku na kingine ng'ambo yake, vyenye kina cha kama milimita 1.

Tukapima. Rula ya chuma ikasema tundu ni 500. Tukaigeuza kidogo, 500. Tukaigeuza tena mpaka tukamaliza pande zote, ni 500 tu. Sahani nayo ilikuwa 497 popote ulipoiwekea rula. Mwanagenzi alinitazama kama mtu anayesingiziwa kosa, na kwa haki yake, kwani kipimo kilimtetea.

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na maana, kwa sababu wengi wetu tunahakiki duara kwa kupima kipenyo chake. Kuna kosa la ruta ambalo kipenyo hakiwezi kulionyesha hata ukipima mara mia. Nusu moja ya tundu letu ilikuwa na nusu kipenyo cha 249.5 na nusu ya pili 250.5. Kila mstari unaopita katikati huanzia kwenye nusu ndogo na kuishia kwenye nusu kubwa. Jumlisha: 500. Upungufu wa upande mmoja unafutwa na ziada ya upande wa pili, na rula haina njia ya kujua. Sahani ilikuwa na ugonjwa uleule, nusu yake 248 na nusu 249. Ndiyo maana iliingia vizuri ilipowekwa kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, ikagoma ilipogeuzwa.

Nikamwomba mwanagenzi anionyeshe alivyokata, mashine ikiwa imechomolewa umeme. Akaanza mahali alipoanzia, akaenda nusu mzunguko kinyume cha mwendo wa saa, akasimama. Waya wa umeme ulikuwa umejikunja kwenye mguu wa benchi na kumvuta. Akarudi mwanzo, akaikata nusu iliyobaki kwa kufuata mwendo wa saa. Alifanya hivyo kwa kila tabaka la kina, tabaka zote saba, kwa tundu na kwa sahani. Kwake ilikuwa njia ya busara ya kukwepa waya. Mstari wa bikari ungekuwa uleule kokote unakoanzia, basi kwa nini ruta iwe tofauti?

Ni tofauti kwa sababu bikari haisukumwi na karatasi. Kisu cha ruta, ukikitazama kutoka juu, huzunguka kufuata mwendo wa saa. Unapoisukuma mashine mbele ndani ya mfereji mzima, yaani kisu kikiwa na mbao kushoto na kulia, makali yaliyo mbele hupita kutoka kushoto kwenda kulia, na mbao hujibu kwa kuisukuma mashine kushoto. Ukizunguka pini kinyume cha mwendo wa saa, kushoto kwako ni katikati ya duara, kwa hiyo mashine inavutwa ndani. Ukizunguka kwa kufuata mwendo wa saa, kushoto kwako ni nje, kwa hiyo mashine inakimbia pini. Pini isiyo na ulegevu hata chembe hailijali hilo. Ikiwa na ulegevu, mwelekeo wa mwendo ndio unaoamua ulegevu huo utaegemea wapi.

Na ulegevu ulikuwepo, tena sehemu mbili. Pini ilikuwa msumari wa milimita 4 ndani ya tundu la 4.5 kwenye mkono: hiyo ni nusu milimita ya kwanza. Nusu ya pili ilikuwa mbaoni. Msumari ulipigwa kwa nyundo bila kutobolewa njia, na baada ya mizunguko kadhaa ya kuvutwa huku na huku ulikuwa umejichimbia nafasi. Niliushika kwa vidole viwili, ukacheza. Jumla yake ni milimita 1, sawasawa na kina cha vidato.

Msasa ungeweza kuviondoa vidato machoni, na najua mafundi ambao wangeishia hapo. Lakini kidato kilichopigwa msasa hugeuka wimbi, na nusu kubwa hubaki kubwa. Sahani inayozunguka ingeendelea kubana kila baada ya mzunguko mmoja. Ilibidi tukate upya.

Kurudisha kitovu kilichopotea

Tundu likishakatika, kitovu chake kimeondoka na taka. Huna pa kuwekea pini. Bahati yetu ni kwamba hatukuwa tumekata ukingo wa nje. Uso wa meza ulikuwa bado na pembe nane za msumeno. Kwa kweli hilo nalo lilikuwa kosa la mpangilio ambalo safari hii lilitufaa. Kwa kawaida anza na duara la nje, umalizie la ndani, zote kwa pini moja ambayo haijang'olewa, na hapo maduara mawili yatashiriki kitovu kimoja bila ubishi.

Taka ya tundu tulikuwa hatujaitupa. Kisu chetu kilikuwa cha milimita 12, kwa hiyo ile taka ilikuwa na kipenyo cha kama 476. (Ndiyo sababu sahani haikutokana nayo: ingeacha mwanya wa milimita 12. Mteja akitaka nyuzi za mbao ziendelee kutoka mezani hadi kwenye sahani bila kukatika, lazima akubali mwanya wenye upana wa kisu.) Faida ya taka ni unene wake: ni uleule wa meza. Tuliulaza uso wa meza kifudifudi juu ya shiti la plaiwudi, tukaufunga kwa skrubu kutokea chini kwenye sehemu za pembe zitakazokatwa, kisha tukaiweka taka katikati ya tundu na kuifunga kwa skrubu nne. Sasa mkono wa ruta ulikuwa na pa kukaa, na ulikaa usawa.

Usawa huo si jambo dogo. Pini ikiwa chini ya uso kwa milimita 10 na mkono una urefu wa 250, ruta inainama, na kwenye mbao ya milimita 28 ukingo wako utakuwa umelala zaidi ya milimita 1 kutoka juu hadi chini. Kwenye mkono wa mita moja na robo kosa hilohilo ni kama robo milimita tu. Maduara madogo hayasamehe.

Kitovu tulikitafuta kwa kuchora vipenyo vinne juu ya taka na kutia alama katikati ya kila kimoja. Alama hazikukutana, wala hatukutarajia zikutane, ila zilirundikana ndani ya eneo dogo kuliko punje ya mchele, na katikati ya rundo ndipo tulipotoboa. Hatukuhitaji usahihi zaidi ya huo kwa sababu tundu jipya lingekuwa na nusu kipenyo cha 251.5, yaani lingekula mbao pande zote hata kama kitovu kimehama kidogo. Tulihakikisha kwa kuuzungusha mkono, kisu kikiwa kimesimama bila kuwaka, nywele moja juu ya mbao, tukitazama kama kila mahali kuna mbao ya kuondoa. Ilikuwepo.

Pini mpya ilikuwa shina la kisu cha drili cha milimita 6, na tundu la mkono lilitobolewa kwa kisu hichohicho cha drili, kwa drili ya kusimama ili liwe wima. Kabla ya kutoboa nilidondoshea plaiwudi ya mkono gundi nyepesi ya supa gluu ikazama kwenye nyuzi. Tundu linalotobolewa kwenye mbao iliyolowa gundi ikakauka halilegei haraka. Kwenye taka pini iliingia kina cha milimita 20, kwa kusukuma kwa nguvu ya mkono. Sahani nayo ilipigwa tundu la 6 palepale pa msumari, upande wa chini usioonekana, na hilo likafuta ulegevu wa zamani.

Kisha jaribio ambalo sasa hatuliruki. Kwenye kipande cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) unakata mfereji wa kina cha milimita 1, mzunguko mzima kwa mwelekeo mmoja, halafu bila kugusa chochote unaurudia kwa mwelekeo wa kinyume. Unapima upana wa mfereji kwa kalipa, kipimio chenye taya mbili, sehemu sita au nane. Kama kisu ni cha 12 na mfereji ni 12, pini yako ni nzima. Kwa mkono wa zamani tulipata karibu 13. Kwa mkono mpya, 12.1 tukapata mara moja tu, kwingine kote 12. Hakuna kipenyo kinachohusika katika jaribio hili, na ndio ubora wake: unapima ulegevu wenyewe, peke yake, mahali ambapo hauwezi kujificha.

Mfereji huohuo hutumika pia kuweka urefu wa mkono. Kwa tundu, kinachohesabika ni mdomo wa nje wa mfereji. Kwa sahani ni mdomo wa ndani. Tundu la nusu kipenyo 251.5 kwa kisu cha 12 linataka kitovu cha kisu kikae 245.5 kutoka kwenye pini. Ukichanganya midomo, tundu litakuwa na makosa ya milimita 24 kwa kipenyo, na hilo si la msasa. Nimeona kazi nzuri ikiharibika hivyo, fundi akiwa amepima kwa uangalifu wote, ila upande usio wake. Kumbuka pia kwamba kila unachosogeza kwenye mkono huonekana mara mbili kwenye kipenyo.

Waya tuliutundika darini, juu ya pini, ukiwa na ulegevu wa kutosha kujisokota mara moja bila kuvuta. Mwanagenzi akazunguka mara mbili mashine ikiwa imezimwa, kuona miguu yake itapita wapi. Mizunguko ya kweli ikafuata, kwa ukataji huu wa upande mmoja wa kisu: tundu kwa kufuata mwendo wa saa, sahani kinyume chake, ili makali yakutane na mbao badala ya kuikimbilia. Milimita 4 kwa kina kila mara, bila kusimama katikati, maana kisu kinachosimama kinachoma. Ukingo wa nje ukaja mwisho, kwa pini ileile, 1,200. Huo ulikuwa mfereji mzima, na hapo kuna hatari nyingine: tabaka la mwisho linapokatika, kipande kilicholegea husogea na kumegwa na kisu. Kwa kuwa meza ilifungwa kwa skrubu kwenye pembe tu, na pembe ndizo zilizokuwa zinakatwa, tulitangulia kuibandika kwenye shiti kwa utepe wa gundi pande mbili kabla ya kugusa ruta.

Mwanya wenyewe

Msomaji makini ameona kwamba vipimo vimebadilika. Tundu lilikuwa 503 badala ya 500, na sahani tuliipunguza kutoka 497 hadi 495, kwa hiyo mwanya ulitoka milimita 1.5 ukawa 4. Sehemu ya mabadiliko hayo ililazimishwa na ukarabati. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na jambo ambalo nilipaswa kulisema siku mteja alipotaja milimita moja na nusu, nikanyamaza.

Mbao ngumu haivimbi sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi karibu haisogei kabisa. Kwa kukatiza nyuzi, mbao nyingi zilizopasuliwa bapa hubadilika takriban robo ya asilimia moja ya upana wake kila unyevu wake unapobadilika kwa pointi moja ya asilimia. Mbao ikitoka kipindi cha ukavu kuingia kipindi cha mvua, pointi nne si ajabu. Robo mara nne ni asilimia moja, na asilimia moja ya 500 ni milimita 5. Sahani yako iliyokatwa kwa pini nzima kabisa itakuwa yai, ndefu kwa milimita 5 upande wa kukatiza nyuzi.

Tundu nalo linapanuka upande huohuo, kana kwamba mbao ingekuwemo ndani yake. Nyuzi za sahani zikilala sambamba na za meza, viwili hivyo vinavimba pamoja na mwanya haubadiliki sana. Lakini sahani inazunguka. Ukiigeuza robo mzunguko, upande wake mrefu unakutana na upande wa tundu ambao haukupanuka. Mwanya wetu wa awali ulikuwa jumla ya milimita 3 kwa kipenyo, kwa hiyo sahani ingekwama kabla mbao haijavimba hata asilimia moja. Kwa mwanya wa 4 jumla ni 8, toa 5, zinabaki 3.

Kutokana na hilo kuna njia ya kutambua kosa bila kupima chochote, na kwangu hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Zungusha sahani. Ikibana mara moja tu katika mzunguko, yaani inakaa vizuri, inabana nusu ya safari, inarudi kuwa vizuri, tatizo ni la pini au la beringi iliyokaa kando ya kitovu. Ikibana mara mbili, kila ikifika robo na robo tatu, tatizo ni mbao iliyogeuka yai. La kwanza unarudi kwenye ruta. La pili hulitatui kwa ruta hata ukiwa na mkono wa dhahabu: unaongeza mwanya, au unatengeneza sahani kwa plaiwudi nzuri, ambayo haina upande wa kuvimba.

Mteja alipoelezwa aliikubali 4. Tulipiga pembe ndogo kwenye kingo zote mbili, na mwanya ukasomeka kama mstari uliokusudiwa.

Matao ya fremu

Mbao mbili za chini za fremu zilikuwa na tao lililoingia ndani upande wa tumbo: upana wa tao milimita 700, kimo chake 50. Hapa kitovu kiko nje kabisa ya mbao. Unachukua upana, unauzidisha kwa wenyewe, unagawa kwa kimo mara nane, unaongeza nusu ya kimo. 490,000 kugawa kwa 400 ni 1,225. Ongeza 25, nusu kipenyo ni 1,250.

Mkono wa mita moja na robo unabonyea katikati kwa uzito wake, kwa hiyo niliutengeneza kwa vipande viwili vya plaiwudi, kimoja kikisimama juu ya kingine kama herufi T. Pini ilikaa kwenye kipande cha unene uleule wa mbao inayokatwa, kikiwa kimebanwa kwenye shiti lilelile na mbao yenyewe. Mkibana kila kimoja kwenye meza yake, benchi likitikisika tao linatikisika nalo. Mwelekeo ulikuwa mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kurudi mwanzo kisu kikiwa kimeinuliwa.

Nilikata tao mara moja tu, tena kwenye MDF ya milimita 12. Mbao mbili zilichorwa kutokana na kigezo hicho, zikakatwa kwa msumeno nje ya mstari kwa milimita 2, kisha zikafuatishwa kwa kisu chenye beringi. Matao mawili yaliyokatwa kila moja kwa mkono wa ruta yanaweza yote kuwa sahihi na bado yasifanane. Kwa tao, sehemu ambayo kisu hupingana na nyuzi ni moja: ukishuka kutoka ncha kuelekea katikati nyuzi zinalala, ukipanda kuelekea ncha ya pili kisu kinainua vibanzi. Tuliikata nusu moja, tukageuza mbao na kigezo kikabandikwa upande wa pili, tukamaliza nusu iliyobaki. Hapo kubadili upande hakuna madhara, kwa kuwa beringi inafuata kigezo na hakuna pini ya kulegea.

Kigezo kinaning'inia ukutani karibu na mkono wa pini ya milimita 6. Mwanagenzi amekiandika kwa kalamu ya risasi: 700, 50, 1,250.